Klarineti Tatu, Fedha ya Moja

Ninaandika kutoka Baraka, kando ya ziwa Tanganyika.

Je, katika depo ya kanisa lenu kuna nini? Mimi nimetembelea makanisa mengi ya eneo letu la Fizi. Ukifungua mlango wa kile chumba cha nyuma, utakuta madumu, mabenchi yaliyovunjika miguu, turubai la zamani, na chini kabisa sanduku ambalo hakuna mtu anayelifungua. Mara nyingi ndani yake kuna vyombo vya fanfari: trompeti iliyobonyea, baritoni isiyopumua, na pengine klarineti. Watu hawavitupi kwa sababu wanavihurumia. Hawavitengenezi pia, kwa sababu hawajui waanzie wapi.

Nataka kuwaambia habari ya klarineti tatu zilizokuwa katika sanduku letu, na namna nilivyokosea kuchagua. Nasema wazi kwamba kosa lilikuwa langu mimi. Kama wewe ni kiongozi wa korali, au kama nyumbani kwako kuna chombo cha marehemu baba, pengine habari hii itakuokolea fedha.

TATU KATIKA SANDUKU

Vijana wetu wa korali walikuwa na trompeti mbili, ngoma, gitaa na kinanda cha umeme, kile wanachokiita sinte. Walitamani sauti nyingine, laini, ya kuongoza nyimbo. Vijana wawili waliokuwa wakichimba Misisi waliposhuka kwa sikukuu, walitoa gramu moja ya dhahabu. Akina mama wakaongeza fedha ya mihogo na ndakala. Tulipohesabu, ilitosha kutengeneza klarineti moja. Mbili, hapana.

Klarineti ya kwanza ilikuwa ya mzee wetu mmoja wa kule Fizi, juu milimani. Ilikuwa ya mti mweusi, ya namna ya zamani, yenye vibonyezo 13 na mhuri wa Bruxelles. Mzee alijifunza kuipiga akiwa kijana katika fanfari ya misheni, mbele ya maasi ya mwaka 1964 kutawanya watu. Vita ya 1996 ilipofika, aliificha katika dari la jiko la ndugu yake, akavuka ziwa kwenda Tanzania. Aliporudi aliikuta mchwa haijaigusa, lakini moshi na joto vilikuwa vimeikausha. Ilipasuka kwa urefu katika kipande cha juu, ufa ukapita katikati ya tundu. Aliileta kanisani akasema tu, "Muiweke, pengine siku moja."

Ya pili ilitoka Kigoma. Ndugu mmoja aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu aliinunua huko, akarudi nayo. Hii ilikuwa nzuri kwa macho. Mti wake haukuwa na ufa hata mmoja, vibonyezo vilikuwa vinang'aa kama sahani za arusi, na kasha lake lilikuwa na kitambaa chekundu ndani. Juu yake iliandikwa London, na chini ya neno lile kulikuwa herufi mbili: H na P. Sikuuliza maana yake.

Ya tatu ilikuja ndani ya kifurushi cha msaada kutoka Ulaya, katikati ya nguo kuukuu. Hii haikuwa ya mti. Ilikuwa ya eboniti, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa mpaka ukawa mgumu kama pembe. Jua lilikuwa limeiharibu rangi, ikawa kijani kama maji ya bwawa. Haikuwa na mdomo. Vizibo vyake vyote, zile pedi ndogo za duara zinazofunika matundu, vilikuwa vimeliwa na wadudu. Watoto waliiita "bomba".

Sasa wewe msomaji, ungechagua ipi?

NILICHAGUA KWA MACHO

Vijana walisema, "Baba Pasta, siye tunataka ile yenye kungaa." Mimi nikakubali mara moja.

Niliweza kumwuliza mzee wa Fizi kwanza. Katika kanisa letu lote yeye peke yake ndiye aliyejua klarineti. Lakini, ndugu zangu, niliogopa. Nilifikiri, nikimwita atasema tutengeneze ile yake, na mimi nitashindwa kumkatalia mtu mzima mbele ya watu. Basi nikanyamaza, nikaituma ile ya London kwa fundi wa mbali. Fundi alifanya kazi yake vizuri. Alibadilisha vizibo, akapaka mafuta, akairudisha ikiwa safi kuliko mbele.

Siku ya Bwana ilipofika, kijana akasimama, sinte ikaanza, na yeye akaingia. Wapendwa, sijui nieleze namna gani. Sauti ya klarineti ilikuwa nzuri peke yake, lakini haikukaa pamoja na nyingine. Haikuwa juu kwa hatua nzima, hata nusu hatua haikufika. Ilikuwa katikati, kama mtu anayetembea na mguu mmoja ndani ya mtaro. Mama mmoja alimziba mtoto masikio. Kijana alijaribu kuvuta kipande cha juu kusudi ishuke, ikawa mbaya zaidi. Akaishusha mikononi, akakaa chini, machozi yakamtoka.

Fedha ilikuwa imekwisha. Wale wawili wa Misisi walikuwa wamekaa benchi ya pili.

HERUFI MBILI NILIZOZIDHARAU

Nyuma ya aibu ile nilianza kuuliza na kusoma. Haya ndiyo niliyoyajua.

Zamani nchi za Ulaya hazikukubaliana juu ya kipimo kimoja cha sauti. Ufaransa iliweka kwa sheria mwaka 1859 kwamba sauti ya La iwe mitetemo 435 kwa sekunde. Uingereza, hasa katika bendi za majeshi, walishika kipimo cha juu, karibu 452, mpaka mwisho wa miaka ya 1920. Mwaka 1939 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana London, wakapatana La iwe 440. Sinte yako, trompeti za leo, gitaa linalopimwa kwa diapazoni, vyote vinafuata ile 440.

Herufi HP juu ya klarineti ya Uingereza au Marekani maana yake ni kipimo kile cha juu. LP ni kipimo cha chini, ndicho kilicho karibu na cha leo. Kutoka 440 mpaka 452 ni karibu robo ya hatua. Klarineti ya HP ni fupi kwa sentimita mbili hivi, na matundu yake yote yamepangwa kwa ufupi ule. Ukivuta kipande cha juu ili kuirefusha, sauti za matundu yaliyo karibu na mdomo zinashuka sana, na zile za chini zinashuka kidogo tu. Kwa hiyo inaacha kupatana na wengine, na sasa haipatani hata na nafsi yake. Kweli, sinte nyingine unaweza kuzipandisha kidogo zikaifuata. Lakini trompeti je? Na gitaa la jirani?

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alitumia filimbi na kinubi kuwa mfano: chombo kisipotoa sauti inayotambulikana, watu hawapati maana yake. Mimi nilikuwa nimehubiri juu ya maneno yale mara nyingi.

MZEE ANASHUKA TOKA FIZI

Nilipanda Fizi kwa piki-piki, nikamwambia mzee kila kitu, hata ile sababu iliyonifanya nisimwulize. Alinyamaza kidogo. Kisha akacheka, akachukua kofia yake.

Tulipofika Baraka alitandika kitambaa juu ya meza, akaweka zote tatu. Alichukua ile ya London kwanza, akapiga sauti moja, akasikiliza sinte, akaiweka chini. Akasema, "Ile haiko mubaya. Iko peke yake tu."

Halafu akachukua ile yake. Aliishika kwa muda mrefu. Vijana wote walikuwa kimya. Mimi nilijua sasa atasema neno lile nililoliogopa.

Akasema, "Hii muiache. Tengenezeni ile bomba."

Nikamwuliza kwa nini. Alieleza mambo mawili. La kwanza, ufa uliopita ndani ya tundu unahitaji fundi mwenye vyombo maalumu, na mti ule, ukishatengenezwa, utaendelea kupigana na jua la Baraka na unyevu wa ziwa. Eboniti haipasuki kwa sababu ya mvua na kiangazi.

La pili ni juu ya vidole. Klarineti ya vibonyezo 13 inaitwa kwa jina la Eugène Albert, mtengenezaji wa Bruxelles. Ndiyo namna iliyopendwa sana Ubelgiji. Namna ya tatu, ile ya kijani, inaitwa Boehm. Iliundwa Paris na Klosé na Buffet, ikaonyeshwa mwaka 1839, na leo vitabu vingi vya kufundishia vinaifuata. Vidole havifanani. Ukifunga matundu ya mkono wa kushoto na kuongeza kidole cha kwanza cha kulia, ya zamani inakupa Si, Boehm inakupa Si bemoli.

Mzee akamalizia hivi: "Miye najua vidole vya hii. Nikikufa, nani atafundisha batoto?"

Nilijua nimemhukumu vibaya.

NAMNA YA KUPIMA KLARINETI YA ZAMANI

Mbele ya kutoa hata franga moja, fanyeni mambo haya kwa utaratibu. Mzee alitufundisha, na mimi nimeyaandika.

1. Someni maandishi yote. Tafuteni jina, mji, namba, na herufi za kipimo. HP iwe onyo.

2. Pimeni sauti moja. Tieni mdomo na ulimi wa tete, msifunge tundu lolote, mpulize. Sauti ile ni Sol ya klarineti. Haihitaji vidole, kwa hiyo mara nyingi inatoka hata kama vizibo vingi vimeoza. Sasa itafuteni kwa sinte. Ikiwa ni Fa, klarineti yenu ni ya Si bemoli, ile ya kawaida. Ikiwa ni Mi, ni ya La. Ikiwa ni Sol, ni ya Do. Ikiwa iko katikati ya Fa na Fa diezi, ni ya kipimo cha juu, kama ile yetu.

3. Tazameni ufa. Ufa unapenda kuanza katika kipande cha juu, kwa sababu pumzi yenye maji inaingia pale kwanza. Mti unavimba kwa ndani, na kwa nje ungali mkavu. Ufa mdogo wa juu juu unaweza kuzibwa. Ufa unaopita ndani ya tundu ni kazi kubwa.

4. Hesabuni vibonyezo. Kizibo kilichooza si kitu, kinabadilishwa. Kibonyezo kilichopinda kinanyooshwa, kilichovunjika kinaungwa. Lakini kilichopotea kitawasumbua sana.

5. Tazameni mdomo. Ncha yake isiwe imemeguka. Uso unapolala ulimi uwe laini na sawa pande zote mbili.

6. Ulizeni nani atafundisha, na itapiga pamoja na nani. Mimi niliruka swali hili, na ndilo lililonigharimu.

KAZI ILIYOFANYIKA BARAKA

Kwa kuwa fedha ilikwisha, ilibidi mikono ifanye kazi. Tuliiosha bomba kwa maji ya baridi na sabuni kidogo. Angalieni sana: eboniti msiitie maji ya moto, inapinda na rangi inazidi kuharibika. Vizibo vipya tulivikata kwa ngozi laini ya mwanambuzi juu ya kitambaa kizito, tukavibandika kwa ile kole ya fimbo inayoyeyushwa kwa moto. Ngozi ya namna hiyo ilitumiwa na mafundi wa Ulaya pia katika siku za zamani. Mahali vipande vinapoungana palikuwa na gome laini lililooza. Tulilitoa, tukazungusha uzi uliopakwa nta ya nyuki. Ndivyo walivyofanya mafundi mbele ya kuanza kutumia gome lile.

Kibonyezo kimoja kilikuwa kimevunjika. Kilitengenezwa na fundi wa dhahabu. Ninyi wa machimboni mnajua boraksi anayotumia fundi kuyeyusha dhahabu. Boraksi hiyohiyo, pamoja na fedha kidogo, inaunga kibonyezo cha klarineti. Ulimi tulinunua wa plastiki. Ule wa tete una sauti nzuri zaidi, lakini unachakaa upesi, na duka la kuuza mwingine liko mbali.

Msifikiri ya kwamba kazi ya namna hii ni ya watu wa kijijini tu. Kule Kinshasa, Orchestre Symphonique Kimbanguiste ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege. Mwanzoni walipokezana violoni chache, na uzi ukikatika walitumia waya wa breki za baiskeli. Leo wanajulikana mpaka Ulaya. Na mwaka 1956, OK Jazz ilipoanza katika mji uleule, Jean Serge Essous alikuwa akipiga klarineti ndani yake. Vijana wanaosema klarineti ni chombo cha wazungu na wazee, wasikilize sahani za miaka ile.

Hata mti wenyewe ni wa kwetu. Klarineti nyingi nyeusi zimechongwa kwa mpingo, ule mti ambao Wamakonde wanachonga vinyago. Unaota kusini ya Tanzania, huko Kilwa na Lindi, na kaskazini ya Msumbiji. Ni mzito hata unazama majini, na unakua polepole, miaka 70 au zaidi mpaka ufae kukatwa. Basi yafaa kumheshimu mzee mwenye klarineti ya mpingo, hata ikiwa imepasuka.

MDOMO

Kazi ilipokwisha, kitu kimoja kilibaki. Bomba haikuwa na mdomo. Ule wa London haukukaa vizuri, na fedha ya kununua mwingine haikuwepo.

Mzee alifungua kasha lake. Akatoa mdomo wa klarineti yake, ule wenye alama za meno yake ya miaka mingi, akazungusha uzi kidogo kusudi ukae, akautia juu ya bomba. Nilimwambia, "Mzee, sasa yako haitapiga tena." Akanijibu, "Itapiga. Inahama tu."

Alianza kufundisha. Lakini kwanza ilimpasa yeye mwenyewe kujifunza, maana vidole vyake vilikuwa vya Albert. Mara nyingi nilimwona kidole cha kulia kinaanguka mahali pa zamani, Si bemoli inatoka mahali pa Si, naye anacheka mbele ya watoto, anarudia. Mtu mwenye miaka zaidi ya sabini! Vijana walioona jambo lile hawakusema tena ya kwamba klarineti ni ngumu.

Wa kwanza kuweza wimbo mzima alikuwa binti wa darasa la sita. Ni yeye aliyeipa jina la bomba. Siku ile alipopiga, sinte na trompeti zilikuwa pamoja naye, na hakuna mtu aliyeziba masikio. Wale wawili wa Misisi nilikuwa nimekwisha kuwaomba msamaha mbele ya kanisa. Mmoja wao alinijia nje akasema, "Pasta, gramu yetu haikupotea, ilikuwa karo yako ya masomo." Tukacheka wote wawili.

Ile ya London hatukuiuza. Nilikatazwa na mzee kumwuzia mtu bila kumwambia maana ya HP, na nikishamwambia, nani atainunua? Inapigwa pamoja na ngoma peke yake, na hapo ni nzuri kweli. Ile ya mpingo tumeipaka mafuta, tumeifunga kwa kitambaa kikavu, mbali na jiko na jua. Ndani ya kasha tumeweka karatasi yenye jina la mwenyewe, mahali alipojifunzia, na habari ya mdomo wake.

Ndugu msomaji, nenda ukafungue sanduku lile wiki hii, mbele ya mchwa kulifungua. Lakini usilifungue peke yako. Mwite kwanza yule mzee anayejua, umkalishe, umpe maji ya kunywa, umwulize. Usikisie atakachosema, kama mimi nilivyofanya.

Bwana awabariki katika nyumba zenu na katika kazi zenu.